Mwanafunzi Naye Aikosoe Shule Yake

Kila bweni linapoteketea humu nchini, mambo hufuatana kwa utaratibu ambao sasa tumeuzoea. Wakuu wa serikali hufika wakiwa na nyuso za huzuni, shule hufungwa, wazazi huja kuwachukua watoto wao, na tume huundwa. Tume hiyo huzunguka, hupokea maoni, huandika ripoti nene na kuikabidhi kwa waziri. Katika mzunguko huo wanafunzi nao huulizwa walichokijua. Jambo la kustaajabisha ni kwamba huulizwa baada ya majivu kupoa. Kabla ya hapo, ni nani aliyewahi kuwauliza shule yao ina kasoro gani?

Hoja ninayotaka kuitetea leo ni nyepesi kuitamka lakini nzito kuitekeleza. Kila shule nchini, iwe ya msingi au ya sekondari, inapaswa kuwapa wanafunzi wake nafasi ya kudumu, yenye utaratibu unaojulikana, ya kuitathmini shule hiyo na kupendekeza jinsi ya kuitengeneza. Sisemi kwamba wanafunzi waiendeshe shule. Nasema waulizwe, wasikilizwe na wajibiwe.

Tuanze na yale yaliyokwisha kutufika. Mwezi wa Machi mwaka wa 1998 moto uliwaua wasichana zaidi ya 20 katika shule ya sekondari ya Bombolulu, Kwale. Mwezi wa Mei mwaka wa 1999 viranja wanne wa shule ya upili ya Nyeri walichomwa usiku katika vyumba vyao. Mwezi wa Machi mwaka wa 2001 wavulana 67 waliangamia huko Kyanguli, Machakos. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2017 tuliwazika wasichana 10 wa Moi Girls, Nairobi. Na mwezi wa Septemba mwaka wa 2024 wavulana 21 walifariki katika bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri. Hao hata sekondari walikuwa hawajafika.

Mikasa hiyo haikuwa na chanzo kimoja. Baadhi ya mioto hiyo iliwashwa na wanafunzi wenyewe, na mtu anayewachoma wenzake usingizini ni mhalifu. Simtafutii udhuru wowote. Walakini kuwaka kwa moto ni jambo moja, na kufa kwa watoto makumi kwa makumi ni jambo la pili. Huko Kyanguli mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Kufuli hilo na vyuma hivyo havikuletwa na mwashaji moto. Vilikuwapo usiku uliotangulia, na usiku uliotangulia huo pia, na waliolala ndani walikuwa wakiviona.

Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Mwongozo huo unataka nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Unataka milango ya mabweni iwe mipana, ifunguke kwa nje, na kamwe isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwamo. Unataka madirisha yasiwe na vyuma. Ni mwongozo mzuri, na laiti ungefuatwa, huenda makaburi mengine yasingechimbwa. Lakini mwishoni mwa mwaka wa 2024, miaka 16 baada ya kutolewa kwake, wizara hiyo hiyo ilitangaza kufunga mabweni ya shule zaidi ya 300 kwa sababu hayakutimiza viwango. Je, katika miaka hiyo yote nani alikuwa akijua kwamba hayakutimiza?

Wahenga walilijibu swali hilo waliposema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkaguzi kutoka idara ya ubora na viwango huja mchana, mara nyingi baada ya shule kupata habari kwamba yuaja. Siku hiyo sakafu husuguliwa, kufuli huondolewa, na jikoni hupikwa chakula ambacho wanafunzi hawajakionja tangu muhula uanze. Mkaguzi huondoka saa kumi alasiri. Wala si kwamba mkaguzi huyo ni mzembe. Wakaguzi ni wachache, shule ni nyingi, na barabara za kuziendea nyingine hazipitiki wakati wa mvua. Walakini yule anayejua mlango unafungwa saa ngapi za usiku, na ufunguo anakaa nao nani, ni mtoto anayelala kitanda cha juu kando ya dirisha. Huyo hukagua shule kila siku, mwaka baada ya mwaka. Tatizo ni kwamba hatumwombi ripoti.

Na mambo anayoyajua hayaishii bwenini. Anajua ni mwalimu gani huingia darasani na ni yupi hutuma daftari tu likanakiliwe ubaoni. Anajua kama vyoo vina milango, kama maji ya kunywa huchotwa mtoni, kama maabara hufunguliwa au imegeuzwa ghala ya viti vilivyovunjika. Msichana anajua ni njia gani ya kwenda bafuni isiyo na taa, na ni mtu mzima gani wa kuepukwa akiwa peke yake ofisini. Hakuna fomu ya ukaguzi itakayoyafichua mambo kama hayo iwapo mwenye kuyajua hakuulizwa.

Watakaosema kwamba haya ni mawazo ya kigeni ni bora wakumbushwe sheria zetu wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, unasema katika ibara yake ya 12 kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri wake na upevu wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka wa 1990 nao unataka maoni ya mtoto yasikilizwe, na papo hapo unamtwika wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa. Waafrika walioandika mkataba huo hawakuona mgongano kati ya kusikilizwa na kuheshimu.

Aidha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imempa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika halmashauri ya usimamizi wa shule. Mabaraza hayo yalianza kupata nguvu mwaka wa 2009, baada ya migomo iliyozikumba shule zipatazo 300 mwaka wa 2008. Wakati huo ilionekana wazi kwamba viranja walioteuliwa na walimu walikuwa wametengwa na wenzao, wakihesabiwa kuwa masikio ya ofisi. Ikaamuliwa kwamba wanafunzi wachague viongozi wao wenyewe. Kwa hivyo mlango wa sheria uko wazi. Swali ni kama kuna aliyepita ndani yake.

Hapa naomba niingie kidogo katika taaluma yangu ya isimu, kwa sababu lugha tunayoitumia hutusaliti. Katika hotuba na nyaraka zetu tunapenda kusema kwamba wanafunzi "wameshirikishwa". Tazama umbo la kitenzi hicho. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikisha ni kumfanya mwingine ashiriki. Na kushirikishwa ni kufanywa ushiriki na mtu mwingine, kwa wakati wake na kwa kipimo chake. Mtendaji amehama. Katika shule nyingi mabaraza ya wanafunzi yamekwama katika kauli hiyo ya kutendwa. Wajumbe huchujwa na walimu kabla ya kura, kazi zao zikawa zile zile za kiranja wa zamani: kupiga kengele, kuandika majina ya wapigao kelele, kusimamia foleni ya chakula. Mwakilishi wao akiitwa kwenye kikao cha halmashauri, husomewa yaliyokwisha kuamuliwa, akapewa soda, akaambiwa arudi darasani. Ameshirikishwa, hakushiriki.

Neno la pili ni "kukosoa". Wengi wetu hulisikia kama tusi. Mtu akikukosoa, unadhani amekuvunjia heshima. Lakini Kiswahili kina busara ambayo wasemaji wake wameisahau. Kutokana na kufunga tunapata kufungua. Kutokana na kuziba tunapata kuzibua. Kutokana na kukunja tunapata kukunjua. Hiyo ndiyo kauli ya kutendua, inayogeuza tendo lililofanyika. Basi kutokana na kukosa tunapata kukosoa. Maana yake ya asili ni kuliondoa kosa, kulitoa pale lilipo. Mwalimu anayepitisha kalamu nyekundu kwenye insha hamchukii mwanafunzi. Anamkosoa, yaani anamtolea makosa. Kwa nini basi mwanafunzi asiruhusiwe kuitendea shule yake hisani hiyo hiyo?

Najua yapo mapingamizi, na baadhi yake yana uzito. La kwanza ni la adabu. Wengine watanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba tukiwaruhusu watoto waihukumu shule leo, kesho watatuhukumu sisi nyumbani. Nami nalikubali fumbo hilo la wahenga, ila nauliza: linamzuia nani kusema? Kumsikia mkuu hakumfanyi mdogo kuwa bubu. Katika jamii zetu mtoto aliyetumwa kisimani akakuta maji yamechafuka alitarajiwa kurudi na kusema. Aliyenyamaza akaleta maji machafu hakusifiwa kwa adabu zake. Kinachohitajika ni kumfundisha mtoto namna ya kusema: kwa hoja, kwa ushahidi, bila matusi. Na hilo halifundishwi kwa kumnyamazisha.

La pili ni kwamba watoto hawajui jambo lililo na manufaa kwao; wakiulizwa watadai nyama kila siku na masomo yafutwe. Wanaosema hivi aghalabu hawajawahi kuwauliza. Sisi wahadhiri wa vyuo vikuu hutathminiwa na wanafunzi wetu mwishoni mwa muhula. Hupewa fomu, bila kuandika majina yao, wakaeleza kama mhadhiri alifika kwa wakati, kama aliieleza mada ikaeleweka, kama alirudisha kazi za majaribio zikiwa zimesahihishwa. Nimezisoma fomu hizo kwa miaka mingi. Wapo wachache wanaoandika upuuzi, na upuuzi huo hujitambulisha wenyewe. Lakini wanafunzi 50 wakiandika, kila mmoja peke yake, kwamba sauti ya mhadhiri haiwafikii walioketi nyuma, hakuna mwenye akili atakayesema kwamba ni utundu. Udhaifu wa fomu hizo uko kwingine: mara nyingi huishia kabatini, na mwanafunzi asione lolote lililobadilika. Akifika mwaka wa nne huzijaza kwa kutia alama popote, kwa sababu amekwisha kujifunza kwamba hazisomwi. Fundisho hilo shule zetu zisilisahau.

La tatu ndilo zito zaidi. Walimu wanaogopa kwamba tathmini itakuwa silaha ya kulipiza kisasi. Kwamba mwalimu mkali anayefanya kazi yake atashtakiwa, na mlegevu anayewaachia watoto wacheze atasifiwa. Hofu hii haifai kudharauliwa. Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili. Mashtaka dhidi ya mtu, hasa ya dhuluma au unyanyasaji wa kimapenzi, yana njia yake ya kisheria na lazima yafuatwe huko kwa haraka na kwa siri. Tathmini ya shule ni jambo jingine: huuliza juu ya hali, si juu ya majina. Haiulizi, "Bwana Fulani ni mbaya?" Huuliza, "Wiki hii vipindi vingapi havikufundishwa?" Swali la kwanza huzaa fitina, la pili huzaa hesabu.

Nao walimu wasisahau kwamba wao pia hunyamazishwa. Mwalimu anayefundisha watoto 80 katika darasa lililojengewa 40 ana hoja ile ile waliyo nayo watoto hao. Siku mwanafunzi atakaporuhusiwa kuandika kwamba darasa limejaa pomoni, mwalimu atakuwa amepata shahidi.

Si kweli kwamba hatuna mfano wa nyumbani. Starehe Boys' Centre, iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ilijulikana kwa mabaraza yake, ambako mvulana yeyote aliweza kusimama mbele ya mkurugenzi na kulalamika juu ya chakula, viranja au sheria za shule bila kuadhibiwa kwa alilolisema. Griffin, aliyefariki mwaka wa 2005, hakuwa mtu wa kulea utovu wa nidhamu. Shule yake ilisifika kwa nidhamu kali. Alielewa tu kwamba chungu kisicho na pa kutolea mvuke hurusha kifuniko.

Kuna mabaraza ya aina nyingine, na mimi niliyaona nikiwa mwanafunzi wa sekondari katika miaka ya tisini. Tulikusanywa uwanjani, tukaambiwa tuko huru kusema. Mwenzetu mmoja akasimama akasema maharagwe yana wadudu. Ijumaa ile alitumwa nyumbani amlete mzazi. Katika baraza lililofuata hakuna aliyeinua mkono, na mkuu wa shule akatangaza kwa furaha kwamba shule haina matatizo. Muhula haukuisha kabla ya madirisha ya jumba la chakula kuvunjwa kwa mawe. Kimya kile kilikuwa ripoti tosha kwa aliyejua kusoma.

Jambo moja zaidi ambalo halizungumzwi ni lugha. Shule zetu nyingi bado huwalazimisha watoto wazungumze Kiingereza siku za wiki, na wengine huvishwa kisahani au kuadhibiwa wakinaswa na neno la lugha ya mama. Tunataka mtoto huyo huyo aseme jinsi anavyoonewa, kwa lugha ambayo akiikosea atachekwa. Matokeo yake ni kwamba wanaosema ni wale watatu wenye Kiingereza fasaha, ambao mara nyingi ndio wenye shida chache zaidi. Mtoto wa darasa la tatu huko Kitui au Kilifi aulizwe kwa lugha anayoiotea ndoto. Wa sekondari aandike kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa kuchanganya. Hapo hatahiniwi sarufi. Nasema hivi nikiwa mtu ambaye maisha yake yote ameyatumia kuwasahihishia watu sarufi.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila muhula darasa zima litengewe vipindi viwili vya kuitathmini shule, kwa maswali machache yaliyo wazi: usalama, chakula na maji, usafi, mafunzo, na jinsi watu wanavyotendeana. Majina yasiandikwe. Pili, wanafunzi wapewe kazi za kupima. Wachukue rula ya mita moja, wapime nafasi kati ya vitanda, wahesabu wanafunzi kwa kila choo, waandike mlango upi hufunguka kwa ndani. Hilo ni somo la hisabati na la uraia kwa pamoja, na mtaala wa umilisi, unaotaka mtoto afikirie kwa makini na kutatua matatizo, hauwezi kupata zoezi bora kuliko hilo. Tatu, baraza la wanafunzi lijumlishe majibu na mwakilishi wao ayasome mbele ya halmashauri, mwanzoni mwa kikao, kabla ya maamuzi.

Nne, na hili ndilo kiini cha yote, mkuu wa shule ajibu hadharani katika muda uliowekwa. Ajibu kwa mafungu matatu: haya tumeyafanya, haya tutayafanya muhula ujao, na haya hatuwezi, kwa sababu hii. Jibu la "hatuwezi" lenye sababu humfunza mtoto mengi kuliko ahadi hewa. Akionyeshwa kwamba fedha za karo zilizoingia ni kiasi fulani na bei ya unga ni kiasi fulani, ataelewa kwa nini nyama ni mara moja kwa wiki. Asipoonyeshwa, atabuni jibu lake mwenyewe, nalo litakuwa kwamba mkuu wa shule amekula hela. Tano, mkaguzi anapokuja aanze kwa kuisoma tathmini ya wanafunzi, na asiondoke bila kukutana nao pasipo mwalimu kuwapo.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji mkopo kutoka ng'ambo. Karatasi zipo, kalamu zipo, watoto wenye macho wapo. Kinachohitajika ni wakubwa wenye moyo wa kuambiwa. Mzazi anayesoma makala haya anaweza kuanza leo, mtoto wake arudipo kwa likizo. Kabla ya kumuuliza amekuwa wa ngapi darasani, amuulize mlango wa bweni lao hufungwa na nani usiku, na ufunguo hukaa wapi. Akilipata jibu, alipeleke kwenye mkutano wa wazazi, alitaje kwa sauti, na asiketi mpaka ajibiwe.